Baba, Kliya Haikuwa na Ugomvi na Mimi

Baba,

Barua kama hii huanza na neno mpendwa. Nimeliandika mara mbili na mara mbili nimelikata, kwa sababu nina hasira na wewe na sitaki kuanza na uongo. Najua kwetu marehemu husemwa kwa upole. Shangazi akiisoma barua hii atanuna wiki nzima. Lakini wewe ndiye uliyenilea kusema kazi mbovu ni mbovu hata kama mwenyewe amesimama pale pale anasikia, basi leo naisema ya kwako.

Naandika nikiwa kwenye banda lako la rangi, hapa Soweto, nimekalia ile stuli yako yenye mguu mmoja mfupi. Ni saa nane mchana. Julai ya Mbeya unaijua: asubuhi maji ya ndoo yanauma, ngozi inapasuka, na kila unayekutana naye njiani uso unang'aa kwa mafuta ya mgando. Kutoka hapa naona helmeti mbili. Moja ni ile yako nyeusi uliyokuwa unavaa. Ya pili ni nyeupe, na hiyo ulinificha miaka tisa.

Nitafika huko. Nianze na mema, maana yapo, na sitaki useme nimeyasahau.

Mama alipofariki nilikuwa darasa la tatu, na tangu hapo kila asubuhi ya baridi kazi yangu ya kwanza ilikuwa mikono yako. Ulikaa mlangoni ukainyoosha, mimi nachota mafuta ya mgando kwenye kile kikopo cha dirishani, nakupaka. Nilianza na kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kile ambacho mkanda wa kompresa ulikikata nusu kabla sijazaliwa, kwa sababu ncha yake ilipasuka kuliko vingine vyote. Ukisikia maumivu ulifumba macho. Nikimaliza unasema ndaga, mwanangu, unasimama, unakwenda kuwasha kompresa. Sijawahi kupewa asante nyingine iliyonitosha kama ile.

Na ulinifundisha kazi, hilo sikunyimi. Kabla sijamaliza kidato cha nne nilikuwa najua kuvua kioo cha helmeti na sponji za ndani bila kuvunja kishikizo, kuosha kwa sabuni, kupiga msasa wa maji mpaka ule mng'ao wa kiwandani ufe, kupiga praima ya plastiki, kisha rangi. Nilijua kwamba tina kali, ile ya kuyeyushia rangi, haimwagwi kwenye ganda la helmeti. Ulinishika shingo siku ile nilipotaka kumwaga, ukasema nikililainisha ganda, ubaya wake hautaonekana hapa bandani, utaonekana barabarani siku mtu akianguka. Madereva wa bodaboda walileta helmeti zao niandike majina, na majina niliyaandika mimi. Nyuma ya kichwa cha nusu ya kijiwe cha Soweto kulikuwa na mwandiko wangu.

Ulinifundisha pia kile kitendo chako cha mwisho. Rangi ikishakauka, kabla ya kliya, unapitisha kiganja kizima juu ya helmeti, kutoka mbele kwenda nyuma, taratibu. Vumbi hulioni kwa macho, ulisema, unalisikia kwa mkono. Nilipenda kukutazama ukifanya vile. Ulikuwa kama mtu anayemtuliza mtoto.

Halafu inakuja kliya yenyewe, yale maji ya mwisho yasiyo na rangi yanayoleta mng'ao wa kioo na kulinda kazi yote. Hapo ndipo uliponiambia, kila mara, "Toka nje kwanza, Bupe."

Nilitoka. Mwaka wa kwanza nilidhani ni ile harufu, hutaki inidhuru. Baadaye nikajua. Fundi aliyekufundisha wewe ujanani alikuambia mwanamke aliye kwenye siku zake akisogelea kliya, kliya inakataa, inafungua vimacho: vile vitundu vya mviringo vinavyojitokeza dakika chache baada ya kupuliza, kana kwamba rangi imekimbia pale. Na wewe ukaibeba habari hiyo miaka yote kama mtu aliyepewa leseni. Hukuijaribu hata mara moja. Wewe uliyeweza kurudia kuchanganya hadina, ile dawa ya kugandisha, na kliya kwa sababu kipimo kimepita kidogo, hili hukulipima.

Tena ulikuwa na haya kuniuliza mwenyewe, ukamtuma Mama Subi. Mwanamke wa watu anauza chai na chapati nje ya banda, ana wateja kumi wamekaa kwenye benchi, anainuka anakuja kuninong'oneza kama ni mzima au siyo mzima wiki hii. Madereva walikuwa wanatazama vikombe vyao. Walijua. Nilikuwa na miaka kumi na saba, Baba. Nikijibu ni mzima na vimacho vikatokea, mnasema nimedanganya. Nilikuwa sina jibu la kunisaidia.

Halafu kuna jambo ambalo lilikuwa wazi kabisa na hukutaka kulitazama. Vimacho vilitokea Juni, Julai na Agosti. Septemba jua likirudi, vinakwisha mpaka mwaka unaofuata. Hukujiuliza siku zangu zilikuwa za namna gani, zije miezi ya baridi tu?

Ile helmeti nyeupe ilikuwa ya mwinjilisti wa mtaa wetu, yule aliyepanda na pikipiki vijiji vya milimani kila Jumapili. Usharika ulitaka iwe nyeupe safi yenye msalaba mdogo mbele. Msalaba niliuchora mimi. Ulipiga kliya, vimacho. Ukasugua chini ukarudia, vimacho. Mara ya tatu ulinifungia nje kabisa, nikakaa kwa Mama Subi na kikombe cha chai, na madereva wote waliniona nimekaa pale. Ulipotoka na ile helmeti mkononi ulikuwa umebadilika uso. Mwinjilisti mwenyewe alikuwepo. Ulisema mbele yao wote, ukininyooshea kile kidole nusu, "Ni huyu. Kliya haimtaki huyu."

Dereva mmoja aliuliza kwani Bupe kafanyaje wakati amekaa hapa na sisi. Ukasema hata kupita kunatosha.

Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye basi la Iringa, na sanduku langu, naenda kukaa kwa Shangazi. Ulisema ni kwa faida yangu, nikajifunze ushonaji. Hukunisindikiza mpaka stendi. Ulisema una kazi.

Ushonaji haukunishika, hilo ulilijua. Nilipata kibarua kwa seremala mmoja pale Kihesa, mzee wa Kihehe asiye na maneno, nikawa napiga msasa vitanda na makabati na kupaka vanishi. Kazi ilinikubali. Lakini sikiliza ulichonifanyia. Vanishi ya kwanza nilipaka mimi, ya pili nilipaka mimi, ya mwisho nikaomba mtu mwingine apake. Nilisema naumwa mgongo, nilisema nataka kuwahi sokoni, nilisema chochote. Miaka tisa, Baba, sijamaliza kitu hata kimoja kwa mkono wangu. Yule mzee aliniuliza mara moja tu kwa nini fundi mzuri namna hii anakimbia mwisho wa kazi. Ningemwambia nini, kwamba kuna rangi huko Mbeya hainitaki?

Ulinipigia simu Jumapili baada ya ibada. Tuliongea baridi, mahindi, afya ya Shangazi. Ulikuja Iringa mara moja tu. Ulishuka na mchele wa Madibira, ulikuwa umeununua Chimala basi liliposimama, ukasema wa Iringa haunukii vile, Shangazi akakasirika kidogo, tukacheka. Baada ya chakula Shangazi alitoka kuchota maji, tukabaki wawili. Ukanishika mikono yote miwili, ukaigeuza viganja juu, ukaitazama muda mrefu. Ukauliza, "Huku haipasuki?" Nikasema inapasuka kidogo, nina mafuta. Ukatikisa kichwa. Mdomo wako ulifunguka tena, Shangazi akaingia na ndoo, ukaanza kuzungumzia basi la kurudi.

Kumbukumbu ile nimeibeba kama ya mapenzi. Sasa nimeijua ilikuwa nini, na nina maneno nayo.

Ulifariki Aprili. Nilifika mazishi yakiwa kesho yake, na watu wa kijiwe walikuzika vizuri, walipanga pikipiki barabarani mpaka mwisho wa mtaa. Mwezi Juni ukoo ukakaa kugawa vitu. Nikasema mimi nataka banda, kompresa na bomba la kupulizia, nataka kurudi kwenye kazi. Baba Mdogo Aswile akasema taratibu, bila ubaya hata, ndiyo maana iliniuma zaidi, kwamba banda la rangi haliwezi kupewa mtu ambaye kliya haimtaki. Alishampata fundi matairi wa kulipanga. "Siyo sisi tunaosema," akasema. "Alisema baba yake mwenyewe, na watu walisikia."

Umeona? Ulikuwa kaburini na bado unanitoa nje.

Nilisimama. Sijui nilipata wapi mdomo. Nikasema nipeni helmeti moja na mwezi mmoja. Kliya ikitoka safi banda ni langu, ikikataa nitapanda basi mwenyewe na sitadai kitu tena. Wazee wakatazamana. Baba Mdogo akasema haya, tena upake helmeti ya marehemu, ile nyeusi, maana nyeusi haifichi kosa. Alidhani ananionea huruma kwa kunimaliza haraka.

Basi nikaanza. Mara ya kwanza niliwahi sana, saa mbili asubuhi, kwa kiherehere. Rangi nyeusi ilikuwa imelala vizuri. Nikapuliza kliya, na ndani ya dakika tano ikageuka nyeupe nyeupe, kama mtu amepulizia pumzi kwenye kioo. Nilikaa chini, nikasema imekuja, ni mimi. Halafu nikainuka nikafungua koki ya chini ya tangi la kompresa, yakatoka maji, Baba, maji ya kujaza bakuli. Hewa ilikuwa mbichi, helmeti ilikuwa ya baridi kama jiwe la mtoni, na ndani ya tangi kulikuwa na maji. Huo ni ukungu wa asubuhi umenaswa ndani ya kliya. Hauna jinsia.

Nikasugua, nikapaka rangi upya, nikasubiri. Mara ya pili nilingoja mpaka saa sita mchana, nikaianika helmeti juani kwanza, nikamwaga maji ya tangi. Ukungu haukutokea. Ikatokea ngozi ya chungwa, vile vinundu vinundu, kwa sababu kliya yenyewe nilikuwa nimeitoa kwenye kona ya baridi ikiwa nzito kama uji, na kwa woga niliipulizia kwa mbali, ikafika imeanza kukauka. Baba Mdogo alipita siku hiyo. Alitazama, akaguna, akaniuliza Iringa basi linatoka saa ngapi siku hizi.

Zilikuwa zimebaki siku kumi. Mara ya tatu nikasema nitaacha ujuaji, nitafanya kila kitu kama ulivyofanya wewe. Nikaweka kopo la kliya kwenye beseni la maji ya moto mpaka ikalegea. Nikasimama umbali wa shibiri moja. Kabla ya hapo nikapitisha kiganja changu juu ya helmeti, kutoka mbele kwenda nyuma, taratibu. Nikapuliza tabaka la kwanza, nikangoja robo saa, nikapuliza la pili. Ikalala kama maji. Niliona dirisha zima ndani yake, niliona uso wangu. Nikaanza kutabasamu, na wakati natabasamu kimacho cha kwanza kikafunguka. Kikafuata cha pili. Kisha vingi.

Sitakueleza nilivyolia. Mama Subi aliingia akanikuta sakafuni, akaniwekea chai pembeni, akatoka bila kuuliza kama ni mzima. Nilikuwa mzima, kwa taarifa yako.

Nilipochoka kulia nikaichukua helmeti niitazame kwa mara ya mwisho kabla ya kufunga sanduku. Nikaiinamisha kwenye mwanga wa mlango. Vimacho havikutapakaa ovyo. Vilikuwa vimejipanga mistari. Minne imeenda sambamba kutoka mbele kwenda nyuma, na mmoja mfupi pembeni umekaa peke yake. Nilitazama muda mrefu kabla sijaelewa natazama nini. Nikanyoosha mkono wangu wa kulia nikauweka juu yake bila kugusa. Ukakaa sawasawa, vidole vinne na gumba.

Asubuhi ile, kama watu wote wa Mbeya mwezi wa saba, nilijipaka mafuta ya mgando.

Nikakumbuka lile gunia lililoning'inia darini, ambalo nilikuwa nimelisogeza mara kadhaa nikifagia, nikahisi umbo la helmeti ndani yake. Nikapanda kwenye stuli nikalishusha. Ndani kulikuwa na glovu za mpira, nyingi, nyingine zimekuwa ngumu kwa kliya ya miaka. Chini yake, kwenye kitambaa, ilikuwepo helmeti nyeupe yenye msalaba niliouchora mimi. Nilidhani mwinjilisti aliipata. Kumbe ulimtafutia nyingine, hii ukaihifadhi.

Nikaipeleka mlangoni, nikaiinamisha. Mistari ile ile. Nikaweka mkono wangu juu, haukufika. Kiganja kilichopita pale kilikuwa kikubwa kuliko changu. Na mstari wa kidole cha shahada ulikatika katikati.

Nilitoka nayo hivyo hivyo mkononi nikamuuliza Mama Subi ulianza lini kuvaa glovu. Alitazama helmeti, akatazama uso wangu, akaweka chini chapati aliyokuwa anageuza.

"Mwaka ule ule ulipoenda Iringa," akasema. "Hata mwezi haukuisha. Alikuja hapa kunywa chai, akanionesha mikono, akasema, Mama Subi, kumbe ni mimi. Kumbe ni mafuta. Mimi nikajua ameshakupigia, mwanangu."

Kumbe ni mimi. Maneno matatu. Ulikuwa nayo mdomoni, yalishatoka mara moja, na ulimwambia muuza chai. Hukumwambia mwinjilisti, hukuwaambia madereva ulioniaibisha mbele yao, hukumwambia mdogo wako Aswile. Na mimi uliyenipigia kila Jumapili, ukaniuliza mahindi yameshika vipi, hukuniambia. Ulivaa glovu, kazi yako ikawa safi, ukasifiwa Soweto nzima kwa kliya isiyo na doa, na kila aliyekusifia alijua sababu ya usafi huo ni kwamba binti hayupo. Ulisikia wakisema hivyo. Uliwaacha.

Nimekutafutia visingizio, usidhani sikutafuta. Nimesema labda uliona aibu, mtu mzima kurudi nyuma mbele ya vijana wa pikipiki. Nimesema labda hukutaka nijue kwamba ni yale mafuta niliyokuwa nakupaka mimi, ile asubuhi yetu ya mlangoni, kwamba ulitaka hiyo ibaki safi. Hiki cha pili ndicho kinachoniumiza, kwa sababu kinafanana na wewe. Lakini sikikubali. Ungesema tu. Ningekupaka jioni baada ya kazi badala ya asubuhi, yangekwisha siku ile ile. Tatizo lilikuwa la kuhamisha kikopo kutoka asubuhi kwenda jioni, na wewe ukamhamisha mtoto kutoka Mbeya kwenda Iringa.

Na ile siku uliyonigeuza mikono kwa Shangazi. Kama kule ndiko ulikokuwa unaniomba radhi, Baba, radhi yako haikunifikia. Niliisikia kama swali la baridi, nikakujibu habari za baridi. Mtu akimtukana mwenzake hadharani kwa sauti, hawezi kuja kumwomba radhi kwa macho.

Mara ya nne nilinawa kwa sabuni ya vyombo mpaka viwiko. Nilivaa glovu mpya kutoka kwenye boksi lako, maana uliacha boksi zima halijafunguliwa. Vumbi nililitoa kwa kitambaa safi, na ule mkono wa kupapasa nikauacha, ingawa ulikuwa unaniwasha. Saa saba mchana, tangi kavu, kopo la moto, shibiri moja. Na siku hiyo, nakuambia kwa makusudi na nikiwa na furaha, nilikuwa kwenye siku zangu. Siku ya pili, ile nzito. Nilimwambia Mama Subi kwa sauti ya kawaida, madereva wakiwa kwenye benchi, akasema haya mwanangu, akaendelea kumimina chai.

Kliya ililala na ikabaki imelala. Nilikaa nayo dakika tano, kumi, nusu saa, nangoja kimacho kimoja kinitukane. Hakikuja. Hii hapa mbele yangu, imekauka siku mbili, nimeirudishia kioo na sponji zake, naona mlango mzima ndani yake na pikipiki tatu zilizoegeshwa nje.

Baba Mdogo alikuja asubuhi ya leo na wazee wawili. Aliigeuza helmeti kila upande, akaisogeza kwenye mwanga, akavaa miwani. Hakupata kitu. Akasema pengine safari hii ni bahati. Ndipo nikamwekea ile nyeupe mkononi, nikamwonesha mistari, nikamwambia ahesabu vidole. Alihesabu. Alipofika kwenye kidole nusu aliacha kuhesabu, akakaa kwenye stuli. Alikutambua, Baba. Alitambua mkono wa kaka yake haraka kuliko mimi. Sikukuficha hata kidogo. Niliwaeleza wote, mafuta, glovu, na ulichomwambia Mama Subi, na madereva walisogea mlangoni wakasikia. Yule aliyeuliza siku ile Bupe kafanyaje bado yupo kijiweni, ana mvi sasa kidevuni. Alitikisa kichwa tu, akaenda akarudi na helmeti yake, akaiweka mezani.

Baba Mdogo aliacha ufunguo juu ya kompresa. Hakuniomba radhi naye. Mnafanana.

Helmeti yako nyeusi nitaivaa mimi, kichwa changu hakijapishana sana na chako, na pikipiki nitajifunza. Ile nyeupe niliishika na msasa nikataka kuisugua. Niliweka maji, nikaweka msasa, nikashindwa. Siyo kwa huruma. Ni kwamba huo ndio ushahidi pekee nilionao, na tena ni mkono wako, sina mwingine. Nimeitundika mlangoni, usawa wa macho, kila anayeingia aione. Mteja wa kwanza ameshauliza ni nani aliyeharibu kazi nzuri namna ile. Nimemjibu kwa sauti, benchi zima lisikie, kwamba ni baba yangu, na kwamba kwa kosa hilo nilifukuzwa mimi.

Mikono yangu imepasuka, Baba. Sabuni ya vyombo na baridi hii havipatani na ngozi. Kikopo chako bado kiko dirishani, kina mafuta nusu, na alama ya vidole vyako imebaki juu yake. Nakipita asubuhi bila kukigusa. Jioni kazi ikiisha, kompresa ikizimwa, nakaa pale mlangoni ulipokuwa unakaa, nachota kidogo kutoka pembeni ili alama isifutike, najipaka mwenyewe. Naanza na kidole cha shahada, kwa mazoea, ingawa changu ni kizima.

Pumzika, Baba mpendwa. Nimeliandika neno lenyewe na sijalikata, lakini lisikudanganye, hasira bado ninayo. Kuna helmeti mezani inangoja kliya, na leo hakuna wa kuniambia nitoke.

Ni mimi binti yako,
fundi wa banda hili.